Mnara wa kuangalizia moto kilimani kwetu umebaki vishina vya zege, tunataka kuujenga upya. Tunaweza au tunajidanganya?

Mwana_Mufindi:
Kamwene wakuu. Tuko kikundi cha kujitolea huku Mufindi, kijiji chetu kimepakana na shamba la miti la Sao Hill na wengi wetu tuna vishamba vyetu vya pine na mikaratusi. Kilimani juu ya kijiji palikuwa na mnara wa chuma wa kuangalizia moto, waliokulia huku wanaujua, mlinzi alikuwa anapanda na redio ya upepo na chupa ya chai anashuka jioni. Baadaye mlinzi akaondolewa hakuja mwingine, ngazi zikaanza kupotea moja moja, watu wa vyuma chakavu wakaja kumalizia, sasa hivi ni vishina vinne vya zege na bolti zilizokatwa kwa msumeno.
Kiangazi kilichopita mtu alisafisha shamba lake kwa moto bila kibali, upepo ukageuka, tunakuja kushtuka moto ushaingia kwenye miti ya watu. Sasa watu wanasema mnara urudi. Nguvu kazi tunayo, nguzo tutachangishana, hela ya kueleweka hatuna. Mnatushaurije? Na mwenye kumbukumbu za hii minara aziweke hapa.

Mzee_wa_Irundi:
Mwanangu umenikumbusha mbali sana. Nimekaa juu ya hiyo minara enzi za ujana wangu. Watu wanadhani kazi ni kuona moshi, moshi hata mtoto anauona. Mnara mmoja unakwambia moto uko upande gani tu, haukwambii uko wapi. Sisi ukiona moshi unalenga kwa dira unasoma digrii unazitaja kwenye redio, mwenzako wa mnara wa pili anasoma za kwake, ofisini wanavuta mistari miwili kwenye ramani kwa rula, inapokatana hapo ndo unatuma gari. Ukikosea digrii mbili gari linaenda bonde la pili huku msitu unaungua.
Na moshi una tabia zake. Wa mrina asali ni mwembamba umesimama sehemu moja, unaweza kuuangalia nusu saa unasema huyu anajua kazi yake, mara unanenepa unaanza kulala na upepo, hapo usisubiri. Asubuhi ukungu wa Mufindi mnaujua, huoni hata miguu ya mnara. Kazi yenyewe ni saa tano mpaka saa kumi jioni, jua kali na upepo, kuanzia mwezi wa saba mpaka mvua zishike.
Kwa hiyo kabla ya nguzo niambie atakaa nani juu na atakula nini.

GIS_kijana:
Mzee heshima yako, ila dunia imeenda. NASA, wale wa anga za juu wa Marekani, wana huduma ya satelaiti inaitwa FIRMS, bure kabisa, inaonesha sehemu zenye moto dunia nzima, kile kifaa cha satelaiti kinaitwa VIIRS nukta yake moja kwenye ramani ni kama mita 375 kila upande. Hela ya mnara nunueni pikipiki, pampu za mgongoni na vifyekeo mlime barabara za kinga moto. Mnakumbuka moto wa mlima Kilimanjaro Oktoba 2020? Ulianzia Whona njia ya Marangu, mji mzima wa Moshi wanauangalia usiku, mamia ya watu wakapanda kuuzima na bado ziliungua karibu kilomita za mraba 95. Kuona haikuwa shida, shida ilikuwa kuufikia.

Mwana_Mufindi:
@GIS_kijana pikipiki nakubaliana. Ila hiyo satelaiti inapita mara chache kwa siku na taarifa inaweza kuchelewa masaa matatu, pine kavu na upepo wa Septemba masaa matatu ni mengi mno. Tena Kilimanjaro ni mlima wa hifadhi, huku moto unaanzia shambani kwa mtu unayemjua, ukiwahi na watu kumi na matawi unauzima.

MamaPine_Oregon:
Niko Marekani huku Oregon na huwa najitolea kwenye ukarabati wa hivi vibanda vya walinzi wa moto, wazungu wanavipenda hatari. Vilienea baada ya moto mkubwa wa Agosti 1910 kule Idaho na Montana, ekari kama milioni 3 ndani ya siku mbili na watu zaidi ya 80 wakafa. Ndani kuna meza ya duara yenye ramani katikati na pete ya kuzungusha ya kulengea moshi, ni ileile hesabu ya mzee hapo juu. Na kuna kigoda chenye miguu ya glasi, radi zikianza mlinzi anapanda juu yake ili umeme usimpitie. Sio mapambo jamani, Mufindi kwa radi tunakufahamu.
Vingi sasa havina mlinzi, baadhi vinapangishwa kwa watalii wanalala, hela inasaidia matengenezo. Moto ukikaribia wanavifunga kwa karatasi kubwa ya kung'aa ya kuzuia joto, na bado vingine vinaungua, kimoja cha huku Oregon kinaitwa Bull of the Woods, kilichojengwa 1942, kiliteketea 2021.
Msianze kujenga kabla hamjakubaliana nani atatunza.

Fundi_Nguzo:
Mimi niko Mafinga na kazi yangu ni nguzo. Msirudishe chuma, kitaondoka tena. Chukueni nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, zile za umeme, hakuna wa kuzipima kilo akanunua. Vile vishina msivitumie kwa macho, gongeni nyundo kwanza, zege ikilia butu vunja. Waya wa radi kutoka kileleni mpaka ardhini ni lazima. Halafu hicho kilima ni cha kijiji au cha shamba la serikali? Kama kiko ndani ya mpaka wao bila barua mtabomolewa.

Mwana_Mufindi:
Kilima ni cha kijiji, ila njia ya kupandia inapita kwao, barua tunaandika wiki hii. Ya mlinzi tumeongea jana, pendekezo ni kila mwenye miti atoe kidogo kwa ekari kwa miezi ya kiangazi tu, wameanza kugoma wenye miti wanaoishi Dar. @Mzee_wa_Irundi nimekuja PM, tunaomba uje utufundishie vijana wawili hizo digrii. @Fundi_Nguzo nguzo za mita 12 zinaendaje sasa hivi, na mnakubali kulipwa kidogo kidogo?