Naomba ushauri: wenzangu wanacheka majina ya Wales

Wakuu, habari zenu. Nafanya kazi Uingereza, na mwezi ujao nakwenda Wales na wenzangu wa kazini kupanda mlima Yr Wyddfa, ule uliozoeleka kama Snowdon. Kila wakiona jina la Kiwelisi kwenye ramani wanacheka, eti herufi zimemwagwa tu. Inaniuma, maana hata jina langu walilikata siku ya kwanza.

Nimeanza kujifunza, na kwetu si kazi ngumu kihivyo: dd ni dh ya "dhahabu", f ni v, w mara nyingi ni u, na mkazo kwa kawaida hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili kabisa! Ll ndiyo inanishinda. Nimeambiwa niweke ulimi kama wa l kisha nipulize. Na majina yenyewe yana maana: Aber ni mlango wa mto, Llan ni kanisa na eneo lake.

Mliofika huko, nikikosea mbele ya wenyeji wataudhika, au wanafurahi mgeni akijaribu? Na hawa wenzangu niwaambieje bila kuharibu safari?