Tupeane uzoefu: Ni filamu ipi iliyokuharibia, au iliyokuokolea, tamthilia kongwe?

Mleta mada, Mtwara mjini

Ndugu zangu wa Kusini, nawasalimu. Nimesoma fasihi kwa miaka kadhaa na bado ninaamini kwamba mwalimu wangu bora wa Shakespeare alikuwa mtafsiri wa kibanda cha video kule Chikongola, aliyekaa kando ya televisheni na kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mwaka 2002 alituonyesha Romeo na Juliet ya Baz Luhrmann, ile iliyotoka mwaka 1996, ambamo vijana wa koo mbili wanatishiana kwa bastola kwenye kituo cha mafuta huku wakizungumza Kiingereza cha karne nne zilizopita. Sidhani kama yeye mwenyewe alikielewa Kiingereza hicho, na sisi tuliolipa kiingilio hatukumlaumu. Romeo akamfanya kijana wa Magomeni, Juliet akamfanya binti wa Shangani ambaye baba yake ana gari, na kuanzia hapo kila mtu akajua ugomvi unatoka wapi.

Ilipofika pale ambapo Romeo hakuipata barua ya kumweleza kwamba mkewe hajafa bali amelala tu, mtafsiri alinyamaza kidogo, kisha akatangaza kwamba basi lililobeba barua limekwama kivukoni Rufiji, leo siku ya tatu. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka uliofuata, kwa hiyo ndani ya kibanda kile kulikuwa na wengi waliokwisha kulala njiani wakati wa masika. Mama muuza karanga aliyesimama mlangoni alisema kwa sauti, "Basi huyo mtoto amekwisha."

Miaka mitatu baadaye mwalimu wa darasani aliuliza kwa nini barua haikufika, nami nikajibu bila kusita kwamba kivuko kilikuwa kibovu. Nilichapwa. Jibu la kitabuni ni kwamba mtawa aliyetumwa alizuiliwa ndani ya nyumba iliyohofiwa kuwa na tauni, na kisa hicho kizito kinapitishwa kwa mistari michache tu, kana kwamba mwandishi alikuwa na haraka ya kufika makaburini. Mtafsiri wetu aliliona pengo hilo akaliziba kwa matope ya Rufiji. Karibuni, kila mmoja na lake.

Mchangiaji wa Tandahimba

Mimi nilimtazamisha babu yangu mzaa mama filamu ya mwaka 2004 ya Michael Radford, ambamo Al Pacino anaigiza Shylock, mkopeshaji anayedai ratili ya nyama ya mdeni wake. Nilikuwa nikimfasiria huku nikichungulia *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Babu ni mkulima wa korosho, na zaidi ya mara moja amewahi kuziuza zikingali maua, kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi anayetoa fedha kabla ya mavuno, ili apate fedha za ada na za chakula.

Nilitarajia amchukie Shylock. Alipoiona mizani ikiletwa barazani, alinigusa goti akaniambia nisimamishe picha. "Huyu ana mizani," alisema. "Wa kwetu anakuja na bakuli lake mwenyewe, na bakuli lenyewe limegongwa kitako likaingia kina." Nilipoendelea hadi pale Portia, aliyejifanya mwanasheria, anapomwokoa mdeni kwa hoja kwamba mkataba umetaja nyama na haukutaja damu, babu alicheka hadi akakohoa. Kwa maoni yake ushindi ule ulitokana na uzembe wa Shylock wa kuandikishana. Kangomba haiandikwi popote, na kwa hiyo hakuna Portia anayeweza kuisoma akaikuta na tundu.

Nimesoma uchambuzi mwingi wa tamthilia ile tangu siku hiyo, na mwingi wake nimeshausahau.

Mleta mada

Babu apewe kiti cha mbele. Niongeze tu kwamba Mwalimu naye alikuwa mkorofi kwa namna yake: jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja, naye akawafanya mabepari, tena wengi, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Wanaolalamika kwamba watengenezaji wa filamu hawaheshimu maandishi waanze na jalada lile.

Mchangiaji wa Mikindani

Othello ilinichosha shuleni kwa sababu ya leso. Mwanamume mzima, jemadari wa vita, anamuua mkewe kwa sababu leso imeonekana kwa mtu mwingine! Leso huanguka sokoni, hupeperushwa na upepo, huazimwa na mtoto mwenye mafua.

Baadaye nikaiona *Omkara* ya Vishal Bhardwaj, ya mwaka 2006, iliyohamishia kisa hicho kaskazini mwa India. Humo leso imeondolewa, na badala yake kuna mkanda wa vito unaovaliwa kiunoni. Nilikuwa nimeketi na shangazi yangu, ambaye ni kungwi na ameshawafunda wanawali wengi, pamoja na majirani wawili waliokuwa wakichambua mchele. Mkanda ulipoonekana mikononi mwa mwanamke mwingine, mikono yote ikasimama juu ya ungo. Shangazi akasema, "Cha kiunoni hakitembei chenyewe." Sasa hapo hata mimi nikaelewa kwa nini Othello alirukwa na akili, ingawa bado namwona mpumbavu.

Mchangiaji wa Lindi mjini

Langu ni fupi. *Hamlet* ya Kenneth Branagh ya mwaka 1996 ina urefu wa takriban saa nne, kwa sababu bwana yule hakutaka kupunguza kitu. Tuliianza saa mbili usiku, umeme ukakatika saa nne na nusu, na Hamlet alikuwa bado anafikiri. Mzimu wa baba yake haukumshtua mtu. Waliokua wakikimbizwa na lipiko, yule mcheza ngoma wa Kimakonde aliyevaa kinyago, wameona makubwa zaidi.

Mchangiaji wa Masasi

Sisi tulithubutu kutengeneza yetu, kwa simu. Tulikuwa tumeitazama filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka 1957, ambayo imeigeuza Macbeth kuwa kisa cha mabwana wa vita wa Japani, na tukavutiwa sana na ule msitu unaotembea kwenye ukungu kuelekea ngome ya mfalme. Ngome tulikuwa nayo, kwa kuwa majabali ya Masasi hayahitaji kujengewa kitu. Msitu ndio uliotusumbua. Mwezi Julai, vijana kumi na wawili walikata matawi ya mikorosho iliyokuwa imechanua, wakajifunika, wakaanza kupanda kilima polepole kama tulivyofanya mazoezi.

Mwenye shamba alitokea nyuma yao na panga. Wapiganaji wakatupa msitu wakakimbilia kwa mfalme kuomba hifadhi, na mfalme, ambaye alikuwa mimi, akateleza jiweni akapoteza taji la bati. Mshika simu hakuacha kurekodi. Tulilipa matawi yale kwa mafungu, tukarudia tukio lote kwa miti ya mihogo, na likatoka baya mno, kwa maana hakuna aliyekuwa akikimbia kwa moyo. Tukarudisha lile la kwanza.

Mzee mwenye shamba ameiona mara mbili nyumbani kwake. Ameniuliza sehemu ya pili inapigwa lini, kwa sababu safari hii angependa kuvaa kanzu.