Acheni kutupigia hesabu ya kilo kwa kilo! Nyama mbichi na chakula kikavu cha mbwa havilinganishwi hivyo

Wakuu, salamu. Mtanisamehe nikiandika kwa ukali, lakini jambo hili limenikaa kooni wiki nzima na nikinyamaza kuna mbwa wengine wataumia.

Nina mbwa anaitwa Tomi. Dume, amehasiwa, ana miaka minne, uzito wake wa siku zote ni kilo 20. Miezi miwili iliyopita nilimtoa kwenye chakula kikavu nikamhamishia nyama mbichi ya kusaga iliyogandishwa, kwa sababu moja tu: niliambiwa ni nafuu. Aliyeniambia ni muuzaji mwenyewe, kalamu mkononi, akanipigia hesabu kwenye kipande cha boksi. Kilo ya nyama yake ilikuwa nusu ya bei ya kilo ya kikavu. Akasema kikavu unampa gramu 300 kwa siku, nyama unampa asilimia 2 ya uzito wake, yaani gramu 400. Gramu 400 kwa nusu bei ni kama umelipia gramu 200 za kikavu. "Hapo umeokoa theluthi nzima," akaniambia, akalipigia jibu mistari miwili chini yake. Nikanunua. Na friza nikanunua.

Jumamosi iliyopita nilikuwa namwogesha. Mbwa mwenye manyoya mengi humjui mwili wake mpaka alowe. Nikamwagia maji, nikapitisha mkono ubavuni kusugua sabuni, nikajikuta nahesabu mbavu moja moja bila hata kubonyeza. Mgongoni uti umetokeza. Nikamfuta, nikambeba, nikapanda naye kwenye mizani, kisha nikapanda peke yangu nikatoa. Kilo 17 na nusu. Ndipo nikakumbuka jinsi alivyokuwa kila usiku akilisukuma bakuli tupu kwa ulimi mpaka linagonga mguu wa meza. Mimi nilikuwa namwangalia nikisema, ona anavyoipenda hii nyama. Kumbe mbwa alikuwa na njaa. Miezi miwili!

Sasa nieleze hesabu ile ilivyonidanganya, kwa sababu naona watu wanairudia kila mahali kwa kujiamini.

Mbwa halishwi kilo, analishwa nguvu. Chakula kikavu kina maji kiasi cha asilimia 10 au chini ya hapo. Nyama mbichi asilimia kama 70 ni maji. Toa maji yote kwenye kilo moja ya kila kimoja: kwenye kikavu unabaki na gramu kama 900 za chakula, kwenye nyama gramu 300. Kwa hiyo mtu anayekuwekea kilo mbili hizo upande kwa upande anakulinganishia vitu vinavyopishana mara tatu. Mafuta yakiwa mengi kwenye nyama pengo hupungua, maana gramu ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu ya protini, lakini haliondoki. Kikavu cha kawaida kina kilokalori kama 3,500 hadi 4,000 kwa kilo. Nyama niliyokuwa nanunua ilikuwa na 1,500. Namba hiyo haikuwepo kwenye pakiti, niliipata baada ya kupiga simu mara tatu.

Je, mbwa wa kilo 20 anahitaji kiasi gani? Madaktari wa mifugo wana kanuni yao: uzito wa mbwa unapandishwa kwa kipeo cha 0.75, kisha unazidisha kwa 70. Kwenye kikokotoo cha simu: 20 × 20 × 20, bonyeza kipeuo cha pili (√) mara mbili, zidisha kwa 70. Kwa Tomi inakuja kilokalori kama 660, na hizo ni za kulala tu na kupumua. Mbwa mzima aliyehasiwa unazidisha tena kwa 1.6, unapata kama 1,060 kwa siku.

Rudini kwenye boksi la muuzaji. Gramu 400 za nyama ile ni kilokalori 600. Mia sita! Hazifiki hata zile za kulala. Lakini gramu 300 za kikavu alizoweka upande wa pili zilikuwa mlo kamili wa siku. Alilinganisha mbwa aliyeshiba na mbwa mwenye njaa, halafu akaiita tofauti hiyo akiba. Ile theluthi niliyookoa ilitoka mwilini mwa mbwa wangu.

Hesabu ya haki ni hii. Kwa kilokalori 1,060, kikavu cha 3,600 kwa kilo anahitaji gramu 295, nyama ile anahitaji gramu 707. Hata kwa nusu bei, nyama inakuwa ghali kuliko kikavu kwa asilimia 20 hivi kila siku. Ili zilingane, bei ya kilo ya nyama ile ilipaswa kuwa asilimia 42 ya bei ya kilo ya kikavu.

Na hii asilimia 2 mnayoigawa kama amri, imetoka wapi? Kwenye pakiti nyingi utaona asilimia 2 hadi 3, bila neno lolote kuhusu mafuta wala ukubwa wa mbwa. Mahitaji ya nguvu hayapandi sawasawa na uzito. Mbwa wa kilo 40 ana uzito mara 8 wa mbwa wa kilo 5, lakini nguvu anayohitaji haifiki hata mara 5. Kwa hiyo vimbwa vidogo ndivyo vinavyoumia zaidi na asilimia hizi. Kilo 5 kwa asilimia 2 ni gramu 100, kilokalori 150 za nyama kama ile yangu, wakati kalala tu anatumia zaidi ya 230. Mtoto wa mbwa ndiyo kabisa msiguse, yule anakula sehemu kubwa zaidi ya uzito wake kwa sababu anakua.

Bado sijafika kwenye gharama zisizoandikwa. Gramu 700 kwa siku ni kilo 21 kwa mwezi, na zote zinataka baridi. Kikavu hakifiki kilo 9 na kinakaa kwenye mfuko wake pembeni. Friza, umeme wake, na siku umeme ukikatika muda mrefu mzigo wote ni wa kutupa. Halafu jana nilifanya kitu nilichopaswa kufanya mwanzo: nikayeyusha pakiti ya gramu 500 kwenye chujio juu ya bakuli. Nyama ilibaki gramu 440. Gramu 60 zilikuwa maji mekundu, na mimi kila siku nilikuwa nayamwaga kwenye sinki nikidhani nafanya usafi. Maji yale nimeyalipia kwa bei ya nyama, na madini kidogo yaliyomo nikayamwaga nayo.

Kubwa zaidi ni maandishi madogo nyuma ya pakiti: chakula cha nyongeza. Maana yake si mlo kamili! Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, inaweza kufika mara 20 kwa moja, na mbwa anahitaji kalsiamu iwe sawa na fosforasi au izidi kidogo. Mbwa mzima ataichota kwenye mifupa yake kimyakimya. Mtoto wa mbwa mifupa italainika na miguu itapinda, na hilo huwezi kulirudisha kwa pesa. Kwa hiyo kwenye bei ya nyama ongeza mfupa wa kusaga, maini, figo, chanzo cha iodini, zinki, vitamini E. Na maini nayo yana kipimo, ukiyazidisha vitamini A inageuka sumu. Mwenye kufanya haya kwa umakini akiwa na daktari wa mifugo au mtaalamu wa lishe ya wanyama namheshimu sana, na najua kuna mbwa wanaoishi vizuri kwa nyama mbichi. Ninachokataa ni kuuziwa kipande cha mlo kwa jina la mlo.

Usafi je? Kugandisha hakuui salmonela, yule bakteria wa kuharisha, kunamlaza tu. Nyumba yenye mtoto mchanga au mgonjwa, fikirieni mara mbili.

Msidhani nawatetea wa kikavu. Nao wana yao. Wanaandika "vikombe viwili kwa siku", kikombe kipi? Nimepima kikombe kilekile kwa chapa mbili za kikavu nikapata uzito tofauti kabisa. Jedwali lililoandikwa kwenye mfuko mara nyingi linampa mbwa aliyehasiwa na mvivu chakula kingi kuliko anachohitaji, naye ananenepa huku mfuko unaisha mapema, na faida inakwenda kwa nani? Wanga hawauandiki kabisa. Utoe mwenyewe: 100, toa protini, mafuta, maji, majivu (yaani madini) na nyuzinyuzi, kinachobaki ndicho wanga, na kwenye baadhi ya mifuko ni karibu nusu. Ule mfuko mkubwa wa "bei ya jumla" nao, mwenye mbwa mdogo ataufungua leo na mafuta yake yatachacha kabla hajafika katikati.

Hata protini wanatuchezea kwa maji yaleyale. Nyama imeandikwa asilimia 15, kikavu 26, mtu anasema kikavu ndicho chenye protini. Toeni maji: nyama ni 50, kikavu 29. Hapa nyama imeonewa, na kwa gramu ya protini huenda ikawa nafuu kuliko inavyoonekana. Nasema hili kwa sababu nataka hesabu ya kweli hata pale inapompa haki aliyeniuzia.

Nilirudi kwake na namba zangu. Akanijibu kwamba kila mbwa ni tofauti. Ni kweli, lakini mbona siku ya kuuza mbwa wote walikuwa asilimia 2?

Tomi namrudisha kwenye kikavu taratibu, siku kumi za kuchanganya ili tumbo lisimvuruge, napima kwa gramu asubuhi na jioni. Leo asubuhi aliacha punje chache kwenye bakuli akaenda kulala. Sijaona hivyo tangu nianze nyama.

Kwa hiyo atakayekuja hapa kuniambia mbichi ni nafuu, au kikavu ni nafuu, aje na uzito wa mbwa wake, gramu anazompa kwa siku, kilokalori kwa kilo ya chakula hicho, na kama pakiti inasema mlo kamili au nyongeza. Wauzaji mliomo humu, kilokalori kwa kilo iandikeni mbele ya pakiti kwa herufi zinazosomeka. Kama haipo, nitajieni chapa zenu hapa hapa na mseme ni ngapi.