MREJESHO: Mbao za dau la babu, benchi limepatikana, rafu imenishinda

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kabla ya Ramadhani niliuliza hapa kama mbao za mvule za dau bovu la marehemu babu, lililolala ufukweni Mkokotoni, zinafaa kwa benchi na rafu. Nimerudi kama nilivyoahidi.

Aliyesema nizioshe chumvi kwanza, Mungu akuzidishie. Nilizimwagia maji ya mfereji siku nne, nikazipanga kivulini na vijiti katikati ili upepo upite. Wiki mbili za mwanzo ziliendelea kutoa unga mweupe! Nilingoja wiki saba. Mzee wa pembeni akinicheka kila akipita kwenda msikitini.

Ushauri wa kutafuta misumari kwa sumaku nao ni kweli. Nilitumia ya spika mbovu, nikaokota misumari kumi na tisa. Wa ishirini ulikuwa umezama ndani kabisa, nikaukuta kwa randa. Chuma cha randa kimepata pengo hadi leo.

Rafu ndiyo iliyokufa. Mbao za chini za dau, zilizokuwa majini muda wote, nje nzima, ndani matundu matupu kama mkate wa kumimina. Nimezitia jikoni. Yule aliyeniambia nizigonge na kusikiliza mlio kabla ya kuzibeba, samahani, nilikupuuza.

Benchi lipo barazani, nimelikaza kwa skrubu za shaba, si za chuma. Mama hampi mtu nafasi.

Ahsanteni sana.