Vijana 24, kompyuta 6, wiki 8: nianze na biashara au na kompyuta?

Mkufunzi wa Jioni

Wadau, salaam. Nimekabidhiwa darasa la vijana wa miaka 18 hadi 25, wapo 24. Tunakutana mara mbili kwa wiki, kila kipindi dakika 180, kwa wiki 8. Kompyuta ziko 6, na karibu kila mmoja ana simu janja.

Mtaala niliokuta unataka wiki 4 za kwanza ziwe kompyuta tupu: kuchapa, kuhifadhi faili, barua pepe. Wiki 4 za mwisho ni ujasiriamali, na mwishoni kila mmoja awasilishe mpango wa biashara wa kurasa 15. Sioni kijana akijali seli (vyumba vya jedwali la kompyuta) na fomula kabla hajawa na hesabu yake ya kuweka humo. Nichanganye? Na nikichanganya, mlango wa kuingilia uwe upi?

Daftari Kwanza

Changanya, mwalimu, na mlango ni daftari la fedha. Wiki ya kwanza msiwashe kompyuta kabisa. Kila mmoja achore safu 6 kwenye karatasi: tarehe, maelezo, aina, fedha ndani, fedha nje, salio. Aandike mapato na matumizi yake halisi ya siku 7, hata kama hana biashara. Akishachoka kujumlisha kwa mkono na kugundua salio haliendani na zilizomo mfukoni, programu ya majedwali itajitetea yenyewe.

Wiki ya pili wahamishe daftari lilelile kwenye jedwali. Safu zile 6 zinakuwa A hadi F. Salio la kuanzia likae F2, yaani safu F mstari wa 2, halafu F3 iandikwe =F2+D3-E3 na kuburutwa kwenda chini. Hapo ndipo vituko huanza, na vinafundisha kuliko hotuba:

Mtu ataandika "1,000/=" badala ya 1000. Kwa jedwali hayo ni maneno, si namba, kwa hiyo salio litatoa ujumbe wa kosa, #VALUE!. Hilo angalau linaonekana. Balaa ni =SUM, fomula ya kujumlisha, maana yenyewe huyaruka maneno kimyakimya na kukupa jumla pungufu bila kulalamika. Wafundishe dalili: seli ambayo haijapangwa upande wowote hupeleka namba kulia na maneno kushoto. Tarakimu iliyokimbilia kushoto ina kasoro, na mara nyingine ni herufi O iliyokaa mahali pa sifuri.

Mwingine atapanga upya mistari kwa aina ya matumizi, na salio lote litavurugika kwa sababu kila mstari unautegemea ule wa juu yake. Anayetaka kujua matumizi kwa aina asipange upya, atumie =SUMIF(C:C,"Malighafi",E:E), inayojumlisha fedha nje za aina hiyo tu. Ila ukiachia nafasi moja baada ya neno, "Malighafi " haihesabiwi. Ndiyo maana safu ya aina iwekewe orodha ya kuchagua, watu wasichape.

Kila jioni wahesabu fedha taslimu na kulinganisha na salio. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, kwanza watafute tarakimu zilizobadilishana nafasi: 540 iliyoandikwa 450 huacha tofauti ya 90.

Mpango wa kurasa 15 uweke kando. Wengi watanakili maneno ya mtu mwingine. Ukurasa mmoja wenye namba zake mwenyewe unamwonyesha mwalimu mengi zaidi.

Bei Kabla ya Nembo

Naunga mkono daftari, lakini nisingeruhusu wiki ya tatu ipite bila somo la bei. Vijana hupenda kuanza na jina na nembo. Mfano wa kuweka ubaoni:

Mfuko wa kitambaa. Kitambaa 300, uzi na zipu 120, kifungashio 30. Kazi ni saa moja na nusu kwa 200 kila saa, yaani 300. Jumla 750. Hiyo 300 ya kazi ndiyo huachwa karibu kila mara, kisha mtu anashangaa anauza sana na hana kitu. Bei ya kuuzia ni 1,000, basi kila mfuko unabakiza 250. Gharama za kila mwezi ambazo hazijali umeuza au hujauza (pango la meza na bando) ni 5,000. Gawa kwa 250: mifuko 20 ndipo unapotoka hasara.

Sasa waulize: mteja akiomba punguzo la asilimia 10, mifuko inakuwa mingapi? Wengi watajibu 22. Bei imeshuka hadi 900, kinachobaki ni 150 kwa mfuko, na 5,000 kwa 150 ni 33 na ushei. Mifuko 33 inaleta 4,950, bado 50. Ni 34. Waache wabadilishe seli ya bei wenyewe na kutazama namba ikiruka. Hilo ndilo somo la fomula na la biashara kwa pigo moja.

Tenganisha pia asilimia mbili zinazochanganywa: 250 juu ya gharama ya 750 ni takriban asilimia 33, lakini juu ya bei ya 1,000 ni asilimia 25. Ni faida ileile.

Utafiti wa soko usiwe swali la "ungenunua?" Kwa adabu tu watu hujibu ndiyo. Kila kijana aulize watu 10: mara ya mwisho ulinunua lini kitu cha namna hii, ulilipa kiasi gani, nini kilikuudhi?

Mkufunzi wa Jioni

Nimewaelewa, asanteni sana. Sasa kompyuta 6 kwa watu 24 ni wanne wanne. Yule anayejua tayari si atamiliki kipanya mpaka kipindi kiishe? Na akaunti za barua pepe, nizifungue siku moja kwa wote?

Nywila Ndefu

Kipanya kwanza: weka kengele ya dakika 10, mzunguko ubadilike. Aliyekishika hafanyi ila anachoelekezwa na mwenzake kwa mdomo, na anayejua zaidi ashike wa mwisho. Wawili wengine wafanye zoezi hilohilo kwenye simu, maana huko ndiko watakakotunza hesabu kozi ikiisha.

Akaunti usizifungue zote siku moja. Namba moja ya simu ikitumika kuthibitisha akaunti nyingi hukataliwa, na kipindi kizima kitaishia hapo. Wape kazi ya kufungua nyumbani, kila mtu kwa namba yake, na darasani ushughulikie waliokwama tu. Kwenye kompyuta za pamoja watumie dirisha la faragha la kivinjari, lisilokumbuka akaunti likifungwa, na walifunge wakimaliza, la sivyo wa zamu ya pili atajaza hesabu zake kwenye jedwali la mwenzake.

Kabla hawajaanza kuuza kwa WhatsApp, wawashe uthibitishaji wa hatua mbili. Unakaa kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, na unaomba PIN ya tarakimu 6. Hiyo PIN ni tofauti na ile namba ya usajili, nayo ya tarakimu 6, inayokuja kwa ujumbe mfupi. Fanyeni igizo: mmoja ajifanye mteja, "nimetuma namba kwako kwa bahati mbaya, nisomee." Aliyeisoma amekabidhi ufunguo, na kama hakuwa ameweka PIN, wateja wake wote wataanza kuombwa fedha kwa jina lake. Barua pepe ya kurejesha PIN waijaze palepale. Wengi huiruka, kisha wanaisahau PIN na kujifungia nje wenyewe.