Tupeane uzoefu: simu ya mezani ya ofisi kuielekeza kwenye simu ya bosi

Mwanga Sokoni
Wakuu habari za jioni. Bosi kasafiri Dar toka Jumatatu, kaacha agizo kwamba simu yake ya mezani iingie kwenye simu yake ya mkononi. Nimebonyeza kama kikaratasi kilichobandikwa chini ya simu kinavyosema, ikatoa mlio wa kukubali. Mwenzangu wa stoo akipiga ekstensheni, yaani namba ya ndani ya ofisi, bosi anapokea yuko Kariakoo. Mtu wa nje akipiga namba ya ofisi, ile ya 028, inaita mara moja halafu inakatika. Leo siku ya tatu na bosi anadhani nazima makusudi. Yaliyowakuta semeni, nijue siko peke yangu hapa Kigoma.

Kibirizi Pwani
Hauko peke yako. Mimi niliikimbia kazi hiyo, sasa nauza dagaa. Dagaa hawana ekstensheni.

Mama Wawili
Umeweka sifuri ya kutokea nje? Sisi hapa Katubuka tulihangaika wiki nzima. Kisanduku chetu, ile swichibodi inayogawa simu za ofisi, ukitaka laini ya nje unabonyeza 0. Mimi nikaingiza namba ya bosi kama ilivyo, 07 na kuendelea. Kisanduku kikaimeza ile sifuri, kikajua naomba laini, kikapiga kuanzia 7. Haiendi popote. Dawa ilikuwa sifuri mbili.

Mtoto wa Gongoni
Hapana, ni 9. Huku Tabora tunaanza na 9 ndipo 07. Ukiweka sifuri inaita mapokezi.

Mama Wawili
Nimeandika "kisanduku CHETU". Soma kabla ya kukataa.

Bwana Vocha
Mnamzungusha bure. Piga *21* weka namba ya bosi malizia na #. Ukitaka kufuta ##21#. Kwisha habari.

Fundi Waya
Bwana Vocha, hizo ni za simu ya mkononi, zinasomwa na mtandao. Akizibonyeza kwenye simu iliyo nyuma ya swichibodi, zitasomwa na swichibodi, na kila mtengenezaji ana namba zake.

Mleta mada, sifuri yako haina shida. Ingekuwa imekosekana hata mtu wa stoo asingempata bosi. Shida yako ni ruhusa. Wa stoo anatoka ndani kwenda nje, jambo la kila siku. Mteja anaingia kwa laini moja na inabidi atolewe kwa laini nyingine, na swichibodi nyingi zimefungiwa njia hiyo, kwa sababu wezi wakiipata wanapiga nje ya nchi usiku kucha kwa bili yako. Aliyewafungia mitambo aingie kwa nywila yake aruhusu laini kwa laini. Mna laini ngapi?

Mwanga Sokoni
Mbili. Moja ina faksi.

Fundi Waya
Faksi anaitumia nani? Ichomoe, laini ipe swichibodi. Simu moja ikielekezwa nje inakula laini mbili kwa mpigo, ya kuingilia na ya kutokea. Mwenye laini moja aombe kampuni ya simu iielekeze hukohuko kwao kabla haijafika ofisini.

Mhasibu Mstaafu
Na bili hamuisemi? Anayepiga analipa mpaka ofisini. Kutoka ofisini hadi kwa bosi inalipa ofisi.

Bwana Vocha
Si kweli mzee. Anayepiga ndiye anayelipa yote.

Mhasibu Mstaafu
Kijana, nimezilipa kwa mkono wangu. Bosi mmoja alikwenda likizo siku 28. Zile laini za zamani za waya, watu wakimaliza kuongea wanakata, kisanduku hakijui kama wamekata, laini mbili zinabaki zimekumbatiana mpaka mtu aje azime umeme. Niliandika maelezo kurasa tatu.

Bwana Vocha
Basi yaishe. Shikamoo.

Mtoto wa Gongoni
Kwetu bosi naye alikuwa ameielekeza simu yake ofisini. Ofisi inampa bosi, bosi anairudisha ofisi.

Dada Mapokezi
Mmefukua kitu nilichokuwa nimekizika. Nilikuwa mpya, ofisi ya mizigo Tabora mjini, jina silitaji. Ijumaa jioni, wingu limetanda, naelekeza simu kwa mlinzi ili wateja wa wikendi wasikose mtu. Nikakosea tarakimu moja. Sikujaribu. Nikafunga dirisha nikakimbilia harusi Ipuli.

Jumatatu mteja wa kwanza ananiambia, "Yule mama mliyemweka wikendi ana adabu, sio kama wewe." Mama yupi? Wa pili anasema, "Bibi kanikataza kutuma asali kwenye ndoo ya kifuniko kilicholegea, kasema nifunge nailoni kwanza." Hapo mikono ikaanza kutetemeka. Nikaitazama namba niliyoingiza, nikaipiga kwa simu yangu. "Wangaluka," akaitika. Bibi, yuko Urambo.

Toka Ijumaa usiku anapokea. Kwenye kioo cha simu yake kila simu ilitokea kwa namba ya ofisi yetu, akaamini ni mtu mmoja mwenye matatizo mengi, anabadilisha sauti. Akajaribu kumpigia huyo mtu amwambie apumzike. Inatumika. Kila akipiga, inatumika, maana ilikuwa inarudi kwake mwenyewe! Akaazima simu ya mjukuu, akapiga, ya kwake ikaita mkononi. Akapokea, akajisikia anasema haloo. Akazima zote mbili akaenda kulala.

Kilichoniponza ni mtu wa Nzega. Alipiga saa kumi alfajiri, ng'ombe wanaumwa, anangoja dawa. Bibi akamwonea huruma, akamwambia mzigo umefika. Kapanda basi la kwanza. Yuko dirishani kwangu kofia mkononi, na mzigo haujafika.

Kibirizi Pwani
Bibi apewe ajira.

Mama Wawili
Nimecheka mpaka hapo kwa mtu wa Nzega. Ulifanywa nini?

Dada Mapokezi
Barua ya onyo. Bosi alinisomea mbele ya wapagazi.

Fundi Waya
Ndiyo maana nawaambia, ukimaliza kuelekeza, toka nje, piga namba ya ofisi kwa simu ya mtu baki. Ukijaribu kwa ekstensheni ya jirani yako hujajaribu kitu.

Mtoto wa Gongoni
Fundi tulia kwanza. Bibi aliishia wapi?

Dada Mapokezi
Mwezi uliofuata alipiga, safari hii nikapokea mimi. Aliulizia ng'ombe wa Nzega. Nikamwambia wamepona. Sikuwa najua.

Mwanga Sokoni
Mrejesho wakuu. Fundi wetu kafungua laini kwa laini, faksi tumeichomoa. Nikatoka nje, nikaazima simu ya muuza kahawa, bosi akapokea. Fundi Waya ubarikiwe. Ila sasa hivi kanitumia ujumbe: toka mchana wateja hawajampa nafasi hata ya kula, simu irudi kwangu. Kikaratasi kimechanika upande wa kufuta. Nabonyeza nini?

Bwana Vocha
##21#

Fundi Waya
Bwana Vocha!