Fundi kaniwekea bomba la friji kwenye oili ya Land Rover!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nina Land Rover 109 ya 1967, petroli ya lita 2.25, aliyoniachia mzee. Mwaka wa pili huu naifufua kidogo kidogo. Injini imeshafanyiwa ovahoo, bering mpya, pampu ya oili mpya. Kilichobaki ni kale kabomba kembamba kanakotoka kwenye bloku kwenda kwenye geji ya presha ya oili. Kabomba! Fundi akasema, "Niachie bosi, hilo dogo."

Kumbe kachukua shaba ya friji, kaikaza kutoka bloku moja kwa moja hadi kwenye bodi, imenyooka kama rula. Jamani, injini imekalia raba, inacheza. Bodi haichezi nayo. Shaba ikitikiswa sana inakakamaa, kisha inapasuka. Hata kuizungusha mara mbili tatu ipate pa kuchezea kashindwa. Tumepita Mlandizi tu, mshale wa geji huo sifuri, moshi wa oili umejaa ndani. Nikazima palepale. Ufa ulikuwa shingoni, kwenye nati, mwembamba kama unywele. Injini hii inabeba lita 6 za oili. Stiki ya kupimia oili ilitoka kavu.

Nikamrudishia gari. Safari hii kaweka mpira na klipu mbili. Mpira gani? Wa maji! Wiki mbili tu umevimba, ukiubonyeza kidole kinaacha alama kama kwenye andazi bichi. Mpira wa rejeta na oili wapi na wapi? Wa oili ni naitraili, raba isiyovimba kwa oili, na upo madukani. Namuuliza, ananijibu "mpira ni mpira bosi". Hivi huyu kafundishwa na nani?

Na msinishauri kale ka nailoni kanakouzwa pamoja na geji za siku hizi. Kakigusa eksosi tu, kwisha habari.

Ninachotaka sasa ni bomba la chuma, au la shaba iliyochanganywa na nikeli, lifungwe kwenye bodi, halafu kati ya bodi na bloku kije kipande kifupi cha hosi ya oili, ncha zake zibanwe kwa mashine, siyo klipu. Wale jamaa wa hosi za haidroliki za makatapila wanaweza kubana ndogo namna hii? Anayemjua mmoja hapa Dar asiye na longolongo anielekeze. Huyu wangu hapokei simu tena, na hela ya kazi ya pili alishakula.